Eti mimi ni MPISHI WA SAMAKI!!!

Wakuu, naandika nikiwa bado kwenye mtumbwi, mikono inatetemeka, na siyo baridi ya ziwa.

Bosi wetu mnamjua. Yule wa kofia ya pama, tumbo linafika kwenye vizimba vyetu vya samaki dakika tano kabla yake. Leo saa moja asubuhi kaleta wageni waone sato wakirukia chakula. Sasa usiku upepo ulivuruga ziwa, maji ya chini yasiyo na hewa yakapanda. Alfajiri nimepima oksijeni, miligramu 2 kwa lita! Sato wote juu, midomo wazi kama kwaya ya Pasaka. Nikamwambia bosi tusilishe mpaka hewa irudi, samaki akila anahitaji hewa zaidi, tutaokota mizoga.

Akawageukia wageni: "Huyu mpishi wa samaki tu. Mpishi hapangi muda wa kula."

MPISHI! Mimi ninayepima uzito wa samaki kila wiki mbili na kupiga hesabu ya chakula mpaka naota asilimia!

Akanipokonya ndoo, akamwaga mwenyewe. Chakula kikaelea, hakuna sato aliyegusa. Akawaambia wageni samaki wana haya. Kisha kwangu: "Mpishi, leo umekosea chumvi." Wageni wakacheka. Mpishi, wakuu. Wa samaki.

Mzee wa Mwaloni: Pole mkuu. Kwani leo umewapikia nini?

Furu Mkavu: Mpishi anayekula dagaa kwake wakati wateja wake ni sato 😂

Binti Igombe: Afadhali wewe umeitwa jina. Mimi fisi maji katoboa wavu, sato wamekwenda zao ziwani, nimekatwa mshahara.

Furu Mkavu: Fisi maji huyo alikuwa na miguu mingapi? Maana sato wa bei chee walionekana mtaani.

Binti Igombe: Koma kabisa!

Mzee wa Mwaloni: Hata kwetu mabwawani kenge wanamaliza vifaranga vya samaki. Halafu chakula kinachoelea bei yake imepaa, narudi kwenye pumba na dagaa.

Sengerema Damu: Pumba inazama, nusu unalisha matope.

Mzee wa Mwaloni: Matope yangu, inakuuma nini?

Mleta uzi: Wakuu, jamani, tulikuwa kwenye MPISHI.

Binti Igombe: Kuna anayemjua fundi wa nyavu asiyechukua hela ya awali akapotea?

Sengerema Damu: Wa hivyo kafa zamani.

Mleta uzi: Kaniita mpishi mbele ya watu!

Furu Mkavu: Mpishi rudi jikoni, huku tunaongea nyavu.