Warsha ya historia Mlimani, wanasema leta nyaraka za wazee. Mtu wa mtaani naenda tu?

Mjukuu_wa_Keya

Habari za saa hizi wakuu. Naombeni mawazo yenu. Kuna dogo jirani yangu anasoma UDSM kanirushia tangazo wasap, idara ya historia wana warsha ya siku moja, asubuhi mihadhara kuhusu watu wetu kwenye vita ya pili ya dunia, halafu mchana wananchi waje na picha, barua, medali, chochote cha wazee wao, watavikopi na kuandika maelezo yake. Bure kabisa.

Sasa babu yangu mzaa baba alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Mwingereza huku kwetu, alipigana Burma (Myanmar ya leo), kafariki mimi niko la tano. Sanduku lake la bati liko kwa baba mkubwa Mbagala, ndani kuna cheti cha kumaliza jeshi kimekunjwa mara nne hadi mikunjo inakatika, medali ya nyota isiyo na utepe, na picha ya askari watano wamesimama mbele ya pazia la studio lililochorwa minazi, nyuma kuna muhuri unasomeka Colombo. Katika hao watano tunamjua babu tu.

Mimi ni fundi AC, nimeishia fomu foo, pale chuo naishia kupita barabarani nikienda Mwenge. Nikiingia si nitaonekana kituko? Na wanaongea Kiingereza mwanzo mwisho au? Halafu baba mkubwa kagoma, anasema wasomi wakishachukua hawarudishi. Nimjibu nini mzee wa watu?

Kijana wa Yombo

Mkuu nenda bila wasiwasi. Mimi nimesoma pale miaka mitatu, semina za idara ziko wazi hata zile za kawaida za kila wiki, mtu anaingia anakaa hakuna anayeuliza cheti. Ratiba yake utaizoea haraka, mtoa mada anapewa kama dakika arobaini hivi (atazidisha tu, wote wanazidisha), anakuja mwingine wa kuichambua pepa yake, huyo ndo mtamu maana ndo anayemkaba, halafu maswali. Pepa nyingi ni Kiingereza kweli, slaidi zimejaa maandishi mpaka macho yanauma. Ila kwenye maswali ukiinuka ukauliza Kiswahili mwenyekiti hakukatalii na wengi watashukuru, nimeona profesa anajibu Kiswahili safi hadi ukumbi unaamka. Na hii ya kuita wananchi nina uhakika mchana wote itakuwa Kiswahili, wataongeaje na bibi wa Mbagala kwa kizungu.

Kingine, usiondoke muda wa chai. Mambo yenyewe yanaongelewa pale na sambusa mkononi, yule aliyekuwa mkali kule mbele ukimfuata na picha yako atakaa na wewe nusu saa.

Mama Shadya

Mimi namuunga mkono baba mkubwa kwa asilimia zote. Marehemu mama alikuwa na madaftari ya baba yake, alikuwa karani enzi za Mwingereza, kaandika majina ya watu wa kijiji kizima na ugomvi wao wa mashamba. Akaja mtafiti mmoja kijana mpole, anaitika naam mama, naam mama, akaomba ayatumie wiki mbili. Mpaka mama anazikwa hayajarudi, na namba ya simu ilishakufa zamani. Kwa hiyo mwanangu nenda, sikukatazi, ila kitu kisilale huko hata usiku mmoja. Wakisema tuachie tutaskani kesho, funga sanduku lako panda gari.

Mstaafu 1974

Wanangu, poleni na majukumu. Mama Shadya ana haki ya kuwa na uchungu, lakini tusisahau kwamba idara ile ilikua kwa midomo ya wazee wa vijijini. Mwaka 1968 ulikuwepo mradi wa utafiti wa Maji Maji, wanafunzi wakatumwa huko vita ilikopita kwenda kukaa na wazee na kuandika walichosimulia. Hesabu mwenyewe, vita imeanza Umatumbini Julai 1905, kwa hiyo 1968 bado walikuwepo waliokuwa watoto na vijana wakati ule. Kabla ya hapo aliyekuwa akisikika zaidi kuhusu vita ile ni Mjerumani kwenye faili zake. Wangechelewa miaka kumi na tano tu wangekuta makaburi.

Na ile habari ya kwamba chuo ni cha wenye suti, enzi zetu haikuwa hivyo. Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana, alifundisha pale idarani, kwanza 1966 hadi 1967 kisha akarudi 1969 akakaa mpaka 1974, na mihadhara yake ilikuwa inajaza watu wasiosoma historia hata kidogo, wa sheria, wa sayansi, mnabanana dirishani. Wanafunzi wa USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi pale chuoni, nao walikuwa na darasa lao la itikadi Jumapili asubuhi, wenzao wako kanisani wao wanabishana ubeberu. Kelele tupu, lakini watu walikuwa wanasoma kwanza ndipo wanabishana. Siku hizi naona kongamano linaanza kwa itifaki imezingatiwa dakika ishirini, mgeni rasmi akishasoma hotuba anaondoka na nusu ya ukumbi inamfuata.

Nikirudi kwa mjukuu wa keya. Hawa wa Burma ni vigumu sasa kumpata wa kumhoji, aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1944 leo amepita mia. Lililobaki ni hayo masanduku, na nyinyi mliosikia wakiyasimulia.

Faili_la_Zamani

Hiyo picha ya Colombo imenikalisha kitako. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon 1943, Sri Lanka ya leo, wakafanya mazoezi ya msituni huko kisha 1944 wakaingizwa Burma. Kwa hiyo inaelekea picha imepigwa kabla hawajaonja bonde la Kabaw huko Burma, yaani mvua za masika, matope ya kiunoni na malaria, ndo wakafika mto Chindwin mwishoni mwa mwaka. Inawezekana kabisa kati ya hao watano wapo ambao hawakurudi. Na wengine hata Ceylon hawakufika, meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa ikazamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, wakafa zaidi ya watu elfu moja, wengi wao askari wa Afrika Mashariki.

Sasa angalia cheti. Tafuta namba ya jeshi na batalioni. Kama ni mtu wa Tanganyika unaweza kukuta batalioni ya 26 au 36 ya KAR, zote zilikuwa kwenye divisheni hiyo. Medali yenyewe haitakusaidia sana, zile nyota kwa kawaida hazikuchongwa jina, anaweza kuwa nayo yeyote. Namba ndo kila kitu, maana shajara za vita za batalioni zipo kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa la Uingereza, Kew kule London, na ukijua batalioni unajua walikuwa wapi siku gani. Lakini zile zimeandikwa na ofisa wa Kizungu, leo tumetembea maili kadhaa, mvua, wawili wamejeruhiwa. Askari mwenyewe aliwaza nini humkuti humo, na barua zao zilikuwa zinapita kwa msomaji wa jeshi kwanza. Ndo maana idara wanalilia vitu kama vyako, hawakufanyii hisani.

Kuhusu kutunza, tafadhali USIPIGE LAMINESHENI hicho cheti, joto na ile plastiki vinakiua na huwezi kurudisha nyuma. Wala selotepu kwenye mikunjo. Kiweke kwenye bahasha ya karatasi, usikikunje tena. Nyuma ya picha andika jina la babu kwa penseli, kidogo pembeni, kalamu ya wino inapenya mpaka mbele. Ukifika warshani simama hapohapo wakati wanaskani, toka na vyako, na uombe kopi kwenye fleshi. Watakupa fomu ya ridhaa, isome, uliza picha itawekwa wapi na jina lenu litaandikwaje. Hutaki iwekwe mtandaoni, andika hutaki. Fomu ipo kwa ajili hiyo.

Bush_Lawyer

Kuna posho lakini? 😂

Kijana wa Yombo

@Bush_Lawyer sambusa ndo posho yako.

Mjukuu_wa_Keya

Nawashukuru sana wakuu, shikamoo mzee wetu Mstaafu na mama Shadya pole kwa yale madaftari. Jana jioni nimeenda Mbagala nikamsomea baba mkubwa comment zote, ya mama Shadya akanirudishia mara mbili, si nilikwambia, si nilikwambia. Ila alipofika kwenye Ceylon akanyamaza akaenda kuchukua miwani. Tumefungua cheti taratibu juu ya meza, batalioni ni 36. Amekubali kwa masharti, sanduku halibebwi na mtu mwingine, analibeba yeye. Na anasema babu alikuwa na wimbo wa kuandamia wa huko Burma anaukumbuka beti mbili, je hilo nalo wanachukua au ni karatasi tu?

Faili_la_Zamani

Aisee hilo ndo wachukue KWANZA. Waambie mapema mna sauti ya kurekodi, piga simu idarani kesho ili waandae chumba kisicho na feni linalolia. Na usisubiri hiyo siku, mrekodi leo kwa simu yako huko huko Mbagala, mwanzo aseme jina lake, alizaliwa wapi na aliusikia kwa nani, ndo aimbe. Akisahau neno usimkumbushe, mwache atafute mwenyewe.

Mama Shadya

Na kitambulisho abebe huyo baba mkubwa, getini wanaweza kuuliza.