Picha ya Mtakatifu Yeronimo: simba na tausi wana maana gani?

Fundi_Kiponda: Assalaam alaykum wanajamvi. Mimi mchonga milango, Kiponda. Mteja kaniletea nakala ya picha ya Antonello da Messina, mchoraji wa Italia, ya mwaka 1475 hivi. Yenyewe iko National Gallery, London. Anataka fremu ya msaji. Picha ndogo, kama sentimita 46 kwa 36, lakini mambo yaliyomo! Mzee mwenye joho jekundu anasoma, kakaa juu ya jukwaa la mbao lenye ngazi na rafu, ndani ya jumba la mawe. Aliyeichora ile meza alizijua mbao. Mbele kabisa kuna tao la mawe kama mlango, na kizingitini wamesimama tausi na kwale, pamoja na beseni la shaba. Kulia, kivulini, simba anakuja taratibu. Sisi tukichonga samaki au mnyororo kwenye mwimo hatuweki ovyo. Hawa je? Sitaki kuchonga kitu kitakachogombana na picha ya dini ya watu.

Mama_MinaraMiwili: Waalaykum salaam, fundi. Huyo ni Mtakatifu Yeronimo, aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini, akafariki Bethlehemu mwaka 420. Hadithi husema alimtoa simba mwiba unyayoni, naye simba asimwache tena. Tausi ni uzima wa milele, kwani wazee waliamini nyama yake haiozi. Joho ni la kadinali. Yeronimo hakuwa kadinali, ila alimtumikia Papa Damaso, basi wachoraji wakamvisha kwa heshima.

Mwalimu_Wete: Kuhusu kwale tusiwe na haraka. Wapo wanaomfanya alama ya ukweli, wapo wanaosema ni udanganyifu, ndege huyo huyo mmoja! Mimi naona mwanga ndio unaosema zaidi. Unapita kwenye tao, upande tuliosimama sisi watazamaji, mpaka kwa msomaji na kitabu chake. Antonello alizimudu rangi za mafuta kama wachoraji wa Flanders (Ubelgiji ya leo), hata mwaka 1529, picha ikiwa Venice, Marcantonio Michiel, mpenzi wa sanaa wa mji huo, aliandika kuwa wengi waliidhania ya Jan van Eyck au Memling, wachoraji wa huko Flanders. Na fundi, lile tao tayari ni fremu. Usishindane nalo.

Fundi_Kiponda: Ahsante Mama, ahsante Mwalimu. Basi maua na mnyororo naviacha. Nitapiga ukingo mwembamba, mtupu, ulioinamia ndani kidogo usije ukatia kivuli kwenye kizingiti. Mteja akidai tausi, nitamwambia yumo tayari.