Naomba ushauri: fila (waya wa kujazia mshono) gani kwa bomba za stenlesi bila kujaza gesi ya agoni ndani?

Fundi_Mabomba:
Habari zenu wakuu. Nimepata kazi kwenye kiwanda kidogo cha maziwa. Bomba ni stenlesi aina ya 304L za inchi 2, Skedyuli 10, yaani unene wa milimita 2.77. Laini moja inarudisha maji ya mvuke kwenye boila, nyingine inapitisha maziwa kutoka kwenye tangi la kupoozea. Nachomelea kwa TIG (tao la umeme linalokingwa na agoni, fila naiingiza kwa mkono). Mwenye kazi hataki kusikia habari ya kujaza agoni ndani ya bomba, anasema ni gharama. Fundi mwenzangu kanishauri fila ya ER309L kwa kuwa ina kromu nyingi, eti ndani haitaungua. Mwingine anasema zipo fimbo za TIG zenye flaksi (unga unaokinga chuma kilichoyeyuka). Nishike lipi?

Welda_Tegeta:
Mkuu, 309L haitakuokoa. Ni kweli ina kromu kama asilimia 24 wakati 308L ina kama 20, lakini tatizo lako ni oksijeni inayokutana na chuma kilichoyeyuka upande wa ndani. Ruti (mshono wa kwanza, wa ndani kabisa) ikikosa kinga inatoa ule ukoko mweusi wenye chembechembe kama sukari, uwe umetumia fila yoyote ya waya mtupu. 309L ni ya kuunga stenlesi na chuma cheusi. Kwa 304L fila yako ni ER308L, na kwa 316L ni ER316L. Hiyo L ni kaboni isiyozidi asilimia 0.03, usiiache.

Bomba_Sohar:
Niko Sohar, Oman, hizo fimbo za flaksi tunazitumia. Kwa 304L tafuta iliyoandikwa R308LT1-5. Flaksi inayeyuka, inapita kwenye mwanya na kufunika ruti kwa ndani hadi ipoe. Ila uchomeleaji wake ni tofauti na wa fimbo ya kawaida. Acha mwanya wa milimita 2 hadi 3, na tundu la funguo, yaani kile kitobo kinachofunguka kwenye mwanya, libaki wazi mbele ya dimbwi la chuma kilichoyeyuka muda wote. Likijifunga, flaksi haipiti, na ndani kunaungua kama vile hukutumia chochote. Ukisimama, saga mwisho wa mshono kwa grainda kabla ya kuendelea, maana slagi (ukoko wa flaksi iliyoganda) inakuwa imeziba tundu. Vishikizo, ile mishono midogo ya kushikilia bomba, navyo vichomelee kwa fimbo hiyohiyo. Ni ya ruti peke yake. Juu yake ondoa slagi, kisha malizia na ER308L ya kawaida.

Kata vipande viwili vya bomba ufanyie mazoezi kwanza, halafu pasua uangalie ndani. Usijifunzie kwenye laini ya mteja.

Mama_Stenlesi:
Naomba niongee kwa msisitizo kuhusu laini ya maziwa. Hapo fimbo ya flaksi HAPANA. Slagi iliyobaki ndani itabanduka siku yoyote na kuingia kwenye maziwa, na pale ilipong'ang'ania panakuwa maficho ya bakteria ambayo maji ya kuoshea hayafiki. Ukoko wa kuungua ni hivyohivyo, na juu ya hilo chuma cha hapo kimepoteza kromu, kitaanza kuliwa na dawa za usafi. Watoto watakunywa maziwa hayo, ndugu yangu. Kwenye laini hiyo ni agoni ndani, au usiichukue kazi.

Laini ya maji ya boila flaksi inafaa, ila isafishe kwa maji mengi kabla ya kufunga mitego ya mvuke (vali zinazotoa maji na kuzuia mvuke), la sivyo vipande vya slagi vitaenda kuziba humo.

Welda_Tegeta:
Naunga mkono. Na mwambie mwenye kazi kwa hesabu. Hujazi bomba zima! Weka vizuizi viwili vya sponji vyenye kamba, kila kimoja sentimita 30 kutoka kwenye mshono. Nafasi iliyobaki kati yao ni kama lita 1.4 tu. Kwa lita 10 kwa dakika, dakika moja inakuwa imebadilisha hewa ya humo mara saba. Mtungi wa mita za ujazo 10 una lita 10,000. Kiungo kikila hata lita 150 zote, mtungi mmoja unafanya viungo zaidi ya 60.

Agoni ni nzito kuliko hewa, hivyo iingizie chini na tundu la kutokea liwe juu. Funika mwanya kwa tepu ya aluminiamu, uibandue kidogo kidogo unavyosonga. Unapofunga sehemu ya mwisho punguza gesi, isije ikasukuma ruti nje. Kiungo ambacho sponji haitatoka, tumia karatasi inayoyeyuka kwenye maji.

Fundi_Mabomba:
Asanteni sana wakuu, hesabu hiyo naipeleka kesho. Je, fimbo za kawaida za umeme, E308L-16, kwa laini ya boila?

Bomba_Sohar:
Kwa ukuta wa 2.77 ni rahisi kutoboa, na ndani unabaki na slagi vilevile. Kama agoni inapatikana kwa ajili ya maziwa, itumie laini zote mbili. Ndani ikitoka ya fedha au njano hafifu, uko vizuri. Ikitoka nyeusi, kata kiungo urudie.