Mrejesho: bastola mpya ya muundo wa 1911 iliyokuwa ikikwama

Wakuu, nilileta hapa shida ya bastola yangu mpya, iliyoundwa kwa mtindo wa 1911 wa mbunifu wa silaha John Browning: risasi zilikuwa zinakwama kabla ya kuingia chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa). Asanteni sana nyote.

Nilimfuata aliyesema nibadili magazini (kisanduku cha kuwekea risasi) kwanza kabla ya kuilaumu bastola. Kweli kabisa! Midomo ya magazini niliyopewa nayo, yaani kingo za juu zinazoshikilia risasi, ilikuwa imepanuka. Nyingine, ya risasi 7, imemaliza karibu tatizo lote. Kuongeza mafuta hakukusaidia kitu, ingawa kwa unyevu wa bahari huku Mtwara bado napaka kuzuia kutu. Risasi za ncha bapa bado zinakwama mojamoja. Za ncha ya mviringo, hata moja. Hilo lililobaki nimempelekea fundi mwenye leseni.