Naomba ushauri: retina ya perege wa Mtera

Habari zenu wakuu. Niko Dodoma, nafanya utafiti wa uzamili. Jicho la samaki halikomi kukua: hata akiwa mkubwa, ukingo wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) huzaa seli mpya, na nyuzi zake changa hubeba protini za kushikanisha seli, kama neurolini, zikielekea kwenye ubongo. Nyuzi kongwe huwa nazo kidogo sana, ila neva ya jicho ikikatwa, protini hizo hurudi.

Hayo yameonekana kwa samaki wa dhahabu. Mimi nataka perege wa Mtera. Tatizo ni kingamwili, yaani protini za maabara zinazoshika protini unayoitafuta ili ionekane. Nyingi ninazoziona ni za kushika protini za panya. Kuna aliyepata inayoshika kwa perege? Na macho niyatie fomalini (dawa ya kuyahifadhi) palepale bwawani, au nisafiri na samaki hai (jua letu mnalijua)?