Tupeane uzoefu: kiti chako cha ofisi kimekufanyia nini mgongoni?

Mfasiri (mleta mada)

Ndugu zangu, kazi yangu ni kufasiri nyaraka, na kwa siku hukaa kitini saa nane hadi kumi. Kwa miaka minne nilitumia kiti chenye sponji nene na kiegemeo kirefu, nikiamini kwamba unene wa sponji ndio starehe yenyewe. Kila ilipofika alasiri mapaja yalikufa ganzi na kiuno kikauma, nami nikadhani ni umri. Kumbe sehemu ya kukalia ilikuwa ndefu kuliko mapaja yangu: nikiegemea, ukingo wake ulinibana nyuma ya magoti, nikisogea mbele ili nisibanwe, mgongo ulikosa pa kuegemea. Kiti nilicho nacho sasa sehemu yake ya kukalia husogezwa mbele na nyuma, nami nimeiweka ili nibaki na nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya ukingo na goti, huku mgongo ukiwa umegusa kiegemeo. Ganzi iliisha katika juma la kwanza. Naomba kila mmoja aeleze yaliyompata yeye mwenyewe: ulichaguaje kiti, ulikirekebishaje, na nini kilibadilika?

Mhasibu

Ndugu mleta mada, mimi kiti changu kilikuwa kizuri tangu siku ya kwanza, lakini nilikitumia miezi mitatu bila kugusa wenzo hata mmoja. Maumivu yalikuwa mabegani na shingoni. Mwenzangu wa meza ya jirani ndiye aliyenionyesha kwamba meza yangu ilikuwa juu mno, kwa hiyo kila nilipoandika nilikuwa nimepandisha mabega bila kujua. Nikainua kiti mpaka viwiko vikawa sawa na kibodi, na hapo miguu ikaanza kuning'inia, nikatafuta kibao cha kuwekea nyayo. Mikono ya kiti nayo niliishusha hadi viwiko vikatua juu yake bila mabega kusukumwa juu. Nilichojifunza ni kwamba ukirekebisha kimo cha kiti, ni lazima uangalie upya miguu, mikono na kioo cha kompyuta. Ukingo wa juu wa kioo changu sasa uko usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooshwa. Shingo ilichukua kama majuma matatu kutulia.

Mwandishi wa programu

Kosa langu lilikuwa la mtu mtiifu kupita kiasi. Nilifundishwa utotoni kwamba kukaa vizuri ni kukaa wima, basi nikafunga kiegemeo kwenye nyuzi 90 na kujikaza hivyo siku nzima, na jioni misuli ya mgongo ilikuwa imekakamaa kama kamba. Nilipoanza kusoma juu ya jambo hili nilikutana na kazi ya Alf Nachemson, daktari wa Sweden, ambaye katika miaka ya 1960 na 1970 alipima mkandamizo ndani ya diski za kiunoni (vipande laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo) za watu walio hai, akaona kwamba kukaa bila kuegemea huzikandamiza kuliko kusimama, na kwamba mkandamizo hupungua kiegemeo kinapolazwa nyuma. Vipimo vya miaka ya baadaye havikuona tofauti kubwa kiasi hicho kati ya kukaa na kusimama, lakini faida ya kuegemea imebaki. Sasa nimelaza kiegemeo kati ya nyuzi 100 na 110, na mbinuko wake nimeupandisha hadi ukae kwenye uwazi wa kiuno, juu kidogo ya mkanda wa suruali.

Jambo jingine ambalo wengi hulipita ni kitasa kilicho chini ya kiti, kinachoongeza au kupunguza ukinzani wa kiegemeo. Kikikazwa mno kwa uzito wako, kiegemeo hakirudi nyuma, nawe unabaki kukisukuma kwa miguu. Kikilegezwa mno, unaanguka nacho. Nilikizungusha kitasa hicho kidogo kidogo kwa siku mbili hadi kiegemeo kikanifuata nilivyojisogeza, na tangu hapo sikifungi tena.

Mhariri

Langu ni fupi. Kiti changu kilianza kushuka chenyewe, nikikiinua asubuhi, adhuhuri kiko chini. Mtungi wa gesi ulio chini ya kiti, unaokiinua na kukishusha, ulikuwa umechoka. Nilibadilisha mtungi peke yake, na kiti kinaendelea na kazi. Msiharakishe kutupa kiti kizima.

Mchoraji ramani

Mimi ni mfupi, na ushauri wangu kwa wafupi na warefu ni kuuliza saizi. Aeron, kiti cha wavu kilichobuniwa na Bill Stumpf na Don Chadwick na kutolewa na kampuni ya Herman Miller mwaka 1994, kina saizi tatu, kuanzia ndogo hadi kubwa: A, B na C. Anayenunua kilichotumika na apapase nyuma ya ukingo wa juu wa kiegemeo: vidoti vilivyochomoza huonyesha saizi, kimoja, viwili au vitatu. Nilikaa kwenye B, miguu ikabanwa. Nilipokaa kwenye A nilijua mara moja.

Mpokea simu

Nawashukuru, lakini baadhi yetu hatuchagui kiti, tunapewa, na changu hakirekebishiki. Nilikunja taulo kama gogo jembamba, nikalifunga kwenye kiegemeo usawa wa kiuno, na chini ya miguu nikaweka boksi gumu. Pia nilianza kusimama kila ninapopokea simu ndefu, kwa kuwa waya wa kifaa cha masikioni unatosha. Maumivu ya kiuno yamepungua sana. Yale yaliyokuwa yakishuka hadi kwenye kisigino hayakupungua kwa taulo, nikaenda kwa daktari, na ninaendelea na mazoezi aliyonielekeza.

Mfasiri (mleta mada)

Pole sana, ndugu. Taulo hilo ulilifunga kwa kitu gani hata lisiteleze?

Mpokea simu

Kwa mikanda miwili ya begi la zamani, mmoja juu na mmoja chini. Ule wa chini ndio muhimu zaidi.