Mgeni akilala Beddgelert, alipe kodi ya usiku?

MkweaMilima: Bunge la Wales lilipitisha sheria 2025: halmashauri ikitaka, itamtoza mgeni pauni 1.30 kwa usiku. Kwenye kambi na hosteli peni 75. Nimetoka Beddgelert juzi, kijiji cha mawe chini ya milima ya Eryri, mito miwili inakutana hapo hapo. Magari ya wageni yamebana barabara, mwenyeji hana pa kuegesha. Mimi nasema tulipe.

BintiTanga: Tulipie nini, kaburi la mbwa? Tena la uongo, mwenye hoteli ndiye aliyelitangaza karne ya 18 apate wateja.

MkweaMilima: Nani kataja mbwa?

MwanaLamu: Dada, usidharau. Llywelyn, mtawala wa karne ya 13, karudi kuwinda, kamkuta mbwa wake Gelert mdomo umejaa damu, susu ya mtoto imepinduka. Akamchoma upanga. Kumbe mtoto mzima, na mbwa mwitu kafa pembeni! Nilisimama pale kondeni karibu na mto, mama mmoja anajifuta machozi huku ameshika aiskrimu.

BintiTanga: Hiyo bibi yangu alitusimulia, ila ni nguchiro na nyoka. Imetoka Bara Hindi. Wazungu wamebadilisha mnyama tu.

FundiReading: Kwa hiyo bibi yako ndiye mwenye hadithi, tumlipe yeye hiyo 1.30? 😂

BintiTanga: Bibi yangu muache. Wewe hata mlima mkubwa wa pale unauita Snowdon, wenyewe wanasema Yr Wyddfa.

FundiReading: Nimeuita wapi? Hebu nionyeshe!

MzeeWaLeicester: Wanangu, cha kale hasa pale ni kanisa la Maria, mabaki ya nyumba ya watawa wa Augustino, karne ya 13. Watu wanalipita mbio kwenda kwa mbwa.

MkweaMilima: Shikamoo mzee, ahsante. Sasa kodi? Mimi na mama watoto, hotelini usiku tatu, ni 7.80. Aiskrimu tu zilitumaliza zaidi ya hapo.

MwanaLamu: Anayewaumiza wenyeji si mlala hoteli, ni wenye nyumba za likizo zinazofungwa msimu mzima wa baridi. Gwynedd, halmashauri ya pale, wamewapandishia kodi ya nyumba kwa asilimia 150 juu. Hao ndio wa kubanwa.

BintiTanga: Bado sijaombwa radhi.

FundiReading: Haya, bibi shikamoo. Ila huyo nguchiro kazikwa wapi, nasi tukalipie kiingilio?